Maisha ya Sir Patrick Manson, Mwalimu wa Madaktari

Katika darasa letu la mwisho wako vijana wengi wanaotaka kuwa madaktari. Ukiwauliza watasoma kwa muda gani, kila mmoja hukuhesabia miaka mpaka siku ya kuvaa joho na kupewa shahada, kisha hunyamaza, kana kwamba siku ile ndiyo mwisho wa kusoma. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya wanafunzi wa zamani ambao sasa wamo hospitalini kazini, nimechagua kuandika habari za Sir Patrick Manson. Bwana huyu alipata shahada yake akiwa na miaka ishirini na mmoja, akaanza kusoma upya bila mwalimu, katika mji wa mbali sana na kwao. Na alipokuwa mtu mzima wa miaka hamsini na mitano akasaidia kuanzisha shule ambayo mtu hakuweza kuingia ndani yake ila awe amekwisha kuwa daktari. Huku kwetu wachache wanamjua, ingawa jina lake tunalo mwilini: yule mdudu wa kichocho cha tumbo anayewasumbua wavuvi wa ziwa letu huitwa na wataalamu Schistosoma mansoni, kwa heshima yake.

Alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1844 huko Oldmeldrum, mji mdogo karibu na Aberdeen katika nchi ya Uskoti. Baba yake alikuwa meneja wa benki, na watoto nyumbani walikuwa tisa. Inasemekana alipokuwa mtoto alimpiga risasi paka mkali, akampasua, akakuta tumboni mwake mnyoo mrefu, akaupeleka juu ya dari ya nyumba ili autazame vizuri. Mimi sioni ajabu kwa mtoto kumpasua mnyama. Watoto wengi hufanya hivyo. Ajabu ni kwamba mnyoo ulimpendeza kuliko paka, na kazi yake yote ya baadaye ikawa ni minyoo.

Alipotimiza miaka kumi na mitano alipelekwa Aberdeen kujifunza kazi katika kiwanda cha chuma cha jamaa za mama yake. Kazi ile ilimzidi nguvu. Mgongo ukapinda, mkono wa kuume ukalegea, akaamriwa kulala na kupumzika kwa muda mrefu. Katika kupumzika huko alisoma vitabu vya wanyama na mimea, na mwaka 1860 akaingia chuo kikuu kusomea udaktari. Alifaulu mitihani kabla hajafikia umri wa kupewa shahada, ikambidi angoje. Alipewa mwaka 1865. Baada ya kufanya kazi kwa miezi michache katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Durham, mwaka 1866 alipanda meli kwenda mashariki ya mbali, akawe daktari wa idara ya forodha ya Uchina.

Miaka mitano ya kwanza alikaa kisiwani Formosa, ambacho leo huitwa Taiwan. Mwaka 1871 akahamia Amoy, bandari ya Uchina yenyewe. Kazi yake ilikuwa kuwakagua mabaharia, kuwatibu Wazungu wachache waliokaa pale, na kuwaangalia wagonjwa wa Kichina katika hospitali ya misheni. Wachina hawakuwaamini madaktari wa kigeni waliofanya kazi nyuma ya milango iliyofungwa. Manson alikata shauri kuwapokea wagonjwa katika chumba cha chini chenye dirisha kubwa linaloelekea njiani, ili mpita njia yeyote asimame na kutazama kinachofanyika. Wagonjwa wakaongezeka.

Ugonjwa uliomkabili kila siku ulikuwa matende. Wasomaji wa pwani wanaujua vema: mguu huvimba ukawa kama wa ndovu, na kwa wanaume mara nyingi uvimbe huwa mahali pa siri, mtu akashindwa kutembea na kufanya kazi. Manson alikuwa hodari kwa kisu. Aliwakata wengi uvimbe wao, wakarudi makwao wamepona aibu. Lakini hakujua kwa nini walivimba, wala hakuna aliyejua. Chuoni Aberdeen hakuwahi kufundishwa jambo hilo, kwa sababu waliomfundisha hawakuwahi kuuona ugonjwa ule.

Hapa ndipo maisha yake yanapogeuka, na ningependa tupatazame kwa makini. Daktari aliye na wagonjwa wengi ana njia mbili. Anaweza kuwakata uvimbe mmoja baada ya mwingine mpaka azeeke, akasifiwa sana. Au anaweza kuuliza uvimbe unatoka wapi. Swali la pili halina malipo, tena lina sharti gumu: lazima mtu ajue namna ya kuuliza, namna ya kuhesabu, na namna ya kujikana mwenyewe pale hesabu inapomkataa. Mambo hayo hayaji na shahada. Lazima mtu afundishwe, na Manson hakuwa na wa kumfundisha.

Mwaka 1874 alikwenda Uingereza kwa likizo, na mwaka uliofuata akaoa. Siku zake nyingi za likizo alizitumia katika maktaba ya Makumbusho ya Uingereza, London, akitafuta kila kilichoandikwa juu ya matende. Huko akasoma kwamba daktari mmoja wa Calcutta, jina lake Timothy Lewis, alikuwa ameona mwaka 1872 minyoo midogo sana, myembamba kama uzi, ikicheza ndani ya damu ya watu. Manson akanunua hadubini nzuri, yaani kile chombo cha kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho, akarudi nayo Amoy.

Akaanza kupima damu ya watu, na wasaidizi wake wa Kichina akawafundisha kufanya vilevile. Mmoja alitazama damu mchana, mwingine usiku. Ikaonekana jambo la kushangaza: yule wa usiku alikuta minyoo mingi kuliko wa mchana. Mtu angeweza kusema tu kwamba msaidizi mmoja ni mvivu. Manson hakusema hivyo. Aliagiza damu ya mtu yule yule ichukuliwe mara kwa mara, mchana kutwa na usiku kucha, siku nyingi mfululizo, na kila mara minyoo ihesabiwe. Hesabu ikasimama imara: jua likichwa minyoo huanza kuonekana, karibu na saa sita ya usiku hujaa, na kukicha hutoweka. Wengi waliosikia habari hiyo Ulaya walicheka wakauliza kama minyoo hiyo ina saa mfukoni.

Alikwisha kufikiri jambo jingine pia. Minyoo ile ya damuni ilikuwa watoto tu, na idadi yake ilikuwa kubwa mno. Kama yote ingekua ndani ya mtu yule yule, angekufa. Basi sharti itoke nje ikakulie mahali pengine. Haina meno wala miiba ya kutobolea ngozi, kwa hiyo lazima kuwe na kitu kinachoitoa. Ni kitu gani hunywa damu ya watu, hupatikana katika nchi zenye matende, na hutembea usiku? Akawaza mbu.

Mtunza bustani wake, aliyeitwa Hin-Lo, alikuwa na minyoo hiyo tele katika damu. Manson alimshawishi alale katika chumba kidogo kilichotengenezwa kwa ajili ya kunasa mbu. Taa iliwashwa kando yake na mlango ukaachwa wazi kwa nusu saa mbu wapate kuingia. Kisha taa ikazimwa na mlango ukafungwa. Asubuhi ukutani walionekana mbu wengi, matumbo yamejaa damu. Manson aliwafunika kwa glasi, akawalevya kwa moshi wa tumbaku, akawatia katika vichupa, na kila siku akawapasua baadhi yao chini ya hadubini. Hiyo ilikuwa mwaka 1877. Akaona mtoto wa mnyoo akiivua ngozi yake ya nje, akitoka katika tumbo la mbu, akiingia katika nyama za kifua, na kukua. Kabla ya hapo hakuna mtu aliyepata kuonyesha kwamba mdudu anayeuma hulea ndani yake kiini cha ugonjwa wa binadamu. Kila tunalolijua leo juu ya mbu na malaria, na mbung'o na malale, lilipitia mlango aliofunguliwa usiku ule na mtunza bustani. Vitabu havitupi habari nyingi za Hin-Lo. Kwangu mimi yeye naye astahili kutajwa, maana bila damu yake hadubini ingekuwa kioo tu.

Lakini sasa nifike penye kosa la Manson, ambalo kwangu lina thamani kama ugunduzi wake. Mbu aliowaweka katika vichupa walikufa baada ya siku chache. Kitabu alichokitegemea kilimwambia kwamba mbu hunywa damu mara moja tu, hutaga mayai juu ya maji, kisha hufa. Akaamini. Basi akaamua kwamba mnyoo ukikua humwacha mbu aliyekufa majini, na watu huupata kwa kunywa maji hayo. Hivyo ndivyo alivyoandika, na hivyo ndivyo ulimwengu ulivyofundishwa kwa zaidi ya miaka ishirini. Kumbe mbu huishi wiki kadhaa, hunywa damu mara nyingi, na mnyoo hutoka kwa njia ile ile uliyoingilia, yaani mdomoni. Angekuwa na mwenzake wa kazi aliyemjua mbu, angeambiwa awalishe wale wa vichupani ili waishi zaidi. Hakuwa naye. Alikuwa peke yake Amoy, mbali na maktaba, mbali na watu wa kubishana nao, na mchana kutwa akiwa na wagonjwa wa kuwatibu.

Mwaka 1883 alihamia Hong Kong. Huko nitapita upesi, ingawa hakukaa bure: alianzisha kampuni ya maziwa safi, na mwaka 1887 akawa mkuu wa kwanza wa chuo cha kuwafundisha vijana wa Kichina udaktari. Mmoja wa wanafunzi wa kwanza alikuwa Sun Yat-sen, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Jamhuri ya Uchina. Mwaka 1896 Sun alikamatwa kwa hila ndani ya ubalozi wa Uchina huko London, na walimu wake wa zamani, James Cantlie pamoja na Manson, walihangaika mpaka akafunguliwa. Ndiyo kusema mwalimu wa minyoo aliwahi kuokoa mapinduzi ya nchi nzima.

Manson alirudi Uingereza mwaka 1889 akidhani ni tajiri wa kutosha kupumzika. Fedha ya Uchina ikashuka thamani, akiba yake ikapungua, ikambidi afungue kazi ya udaktari London. Mwaka 1892 alipewa kazi katika hospitali ya mabaharia. Hospitali hiyo ilikuwa na tawi lake kwenye gati ya Albert, ambako meli za ulimwengu mzima zilitia nanga. Fikiri, msomaji: katika mji wenye ukungu na baridi, mtu aliweza kumwona mgonjwa wa malaria toka Afrika, wa beriberi toka Malaya, wa matende toka visiwa vya Antili, wote katika wodi moja. Madaktari wengine waliiona hospitali ile kuwa ya mabaharia maskini. Manson aliiona kuwa darasa.

Mwaka 1894 alimjia daktari wa jeshi la India aliyekuwa likizoni, Ronald Ross. Ross alikuwa na shahada na miaka kumi na mitatu ya kazi, lakini hakuwa amekiona kijidudu cha malaria ambacho Mfaransa Laveran alikigundua Algeria mwaka 1880. Hata alikuwa na shaka kama kipo. Manson akamwonyesha katika damu ya mgonjwa, akamfundisha kukitambua, kisha akamweleza wazo lake kwamba malaria nayo huenda ikabebwa na mbu. Ross akarudi India mwaka 1895 na swali lile. Zaidi ya barua mia moja zilipita kati yao. Ross alieleza kila alichokiona, Manson akajibu, akasahihisha, akamtia moyo alipokata tamaa, na wakubwa wa Ross walipompeleka mahali pasipo na malaria, Manson aliwasihi wenye amri mpaka akapewa nafasi ya kuendelea. Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad, Ross aliona kijidudu katika tumbo la mbu wa aina ya anofelesi, na mwaka 1898, huko Calcutta, akaifuata safari yake yote katika mbu wanaouma ndege. Ross alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1902. Manson hakupewa, na baadaye wawili hawa walikosana vibaya. Sitaingia katika ugomvi wao. Waliosoma barua zile wanajua nani alikuwa mwalimu na nani alifanya kazi ngumu, na hakuna haja ya kumpunguzia mmoja ili kumwongezea mwingine.

Mwaka 1897 Manson aliwekwa kuwa mshauri wa tiba katika Ofisi ya Makoloni, chini ya waziri Joseph Chamberlain. Aliona orodha za madaktari waliopelekwa nchi za joto: vijana waliofuzu vizuri, ambao hawakuwahi kumwona mgonjwa hata mmoja wa magonjwa waliyokuwa wakienda kuyatibu. Akatoa shauri kwamba daktari asipelekwe mpaka apitie shule nyingine. Baadhi ya madaktari wenzake wa hospitali ya mabaharia walipinga kwa nguvu, wakaandika barua za kulalamika magazetini. Hata hivyo shule ilifunguliwa kwenye gati ya Albert mwezi wa Oktoba 1899, miezi michache baada ya ile ya Liverpool ambayo Ross alikwenda kufundisha. Iliitwa Shule ya London ya Tiba ya Nchi za Joto.

Shule ile ilikuwa ndogo, na masomo ya kila mkupuo yalichukua miezi kama mitatu. Wanafunzi wake walikuwa madaktari. Wako waliotoka chuoni jana, na wako waliokuwa na miaka mingi ya kazi Afrika na Asia, wamekuja likizoni. Mtu aliyekwisha kuongoza hospitali nzima alikaa kwenye benchi, akajifunza kuchoma kidole, kutandaza tone la damu kwenye kioo liwe jembamba, kulipaka rangi, na kutafuta. Maabara na wodi zilikuwa mahali pamoja, na hilo ndilo lililokuwa wazo lenyewe la Manson: kinachoonekana katika hadubini kilinganishwe papo hapo na mtu aliyelala kitandani. Aliyekuwa na uwezo alipewa swali la kwenda nalo, kama Ross alivyopewa.

Mwanafunzi mmoja wa mwanzo alikuwa George Carmichael Low, Mskoti kama Manson. Daktari Thomas Bancroft wa Australia alikuwa amewalisha mbu damu yenye minyoo ya matende na kuwatunza mpaka siku zilizotosha, kisha akawapeleka London wamehifadhiwa. Low aliwakata mbu hao vipande vyembamba sana, akatazama kimoja kimoja, na mwaka 1900 akaiona minyoo imejipanga ndani ya mdomo wa mbu, tayari kuingia katika mtu atakayeumwa. Basi habari ya kunywa maji ikafa siku ile, na aliyeiua alikuwa mwanafunzi wa aliyeileta, katika shule aliyoianzisha yeye mwenyewe. Manson hakuficha jambo hilo. Nimejaribu kufikiri walimu wangapi wangefurahi, nami nimeona niache hesabu hiyo.

Mwaka huo huo palikuwa bado na watu wengi wasioamini habari ya mbu na malaria. Manson akapanga majaribio mawili. La kwanza, Low na mwenzake Sambon walikwenda Ostia karibu na Roma, penye malaria kali, wakajengewa kibanda cha mbao chenye wavu madirishani. Mchana walitembea kama watu wote, walinyeshewa mvua, walivuta hewa ile ile ya mabwawa. Ila kabla ya jua kuchwa waliingia ndani na kufunga. Walikaa humo msimu wote wa malaria bila kuugua, na jirani zao waliugua. La pili lilikuwa zito zaidi. Mbu waliokuwa wameuma wagonjwa Roma walisafirishwa hai mpaka London, wakaachwa wamwume kijana aliyekuwa akisomea udaktari na ambaye hakuwa amekaa katika nchi ya malaria tangu utoto wake. Kijana huyo alikuwa Patrick Thurburn Manson, mwana wa Manson mwenyewe. Mwezi wa Septemba akashikwa na homa, kijidudu kikaonekana katika damu yake, akapewa kwinini akapona, ingawa homa ilimrudia baadaye. Ulimwengu ukasadiki. Mwaka 1902 kijana huyo alikufa kwa ajali ya bunduki katika kisiwa cha Christmas, alikokuwa amekwenda kuchunguza beriberi. Alikuwa na miaka isiyotimia thelathini. Leo kamati ya maadili ya hospitali isingekubali kwa urahisi baba amjaribu mwanawe, wala bwana amjaribu mtumishi wake, na ni vema hivyo.

Kazi ya shule ile ilifika kwetu Uganda mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1901 madaktari Albert na Jack Cook wa hospitali ya Mengo waliwatambua wagonjwa wa malale, ugonjwa ambao Waganda waliuita mongota. Ulienea kando ya ziwa, Busoga na Buganda na visiwa vya Sese, na inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 200,000 walikufa katika miaka michache. Manson alidhani huenda unaletwa na mnyoo mwingine wa damuni. Mwaka 1902 ujumbe wa kwanza wa watafiti ukafika Entebbe: Low, Christy, na kijana wa Kiitalia Aldo Castellani. Low alipima damu za watu wa sehemu nyingi, akaona mnyoo huo uko hata pasipo na malale, na mahali pengine malale yapo na mnyoo haupo. Basi mara ya pili alimrudishia mwalimu wake jibu la hapana. Castellani akaona kijidudu kingine, tripanosoma, katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na mwaka 1903 David Bruce akaonyesha kwamba kinabebwa na mbung'o. Kwa hiyo serikali iliwahamisha watu toka kando ya ziwa na visiwani. Wazee waliacha mashamba na makaburi yao, lakini kufa kulipungua.

Sipendi kumsifu Manson kana kwamba hakuwa mtu wa wakati wake. Shule yake iliungwa mkono na Ofisi ya Makoloni hasa ili maofisa wa Kizungu wasife upesi katika nchi zilizotawaliwa. Tena mwaka 1902 ofisi ile ile aliyoishauri ilipounda idara ya madaktari wa Afrika Magharibi, iliandika sharti kwamba aingiaye awe wa uzazi wa Kizungu. Walikuwako madaktari Waafrika wa Sierra Leone na Lagos waliosomea Uingereza na kufaulu mitihani ile ile, wakafungiwa mlango. Ni ajabu kwa mtu aliyewafundisha Wachina hadubini Amoy na udaktari Hong Kong kwamba sauti yake haikusikika zaidi katika jambo hili. Magonjwa yaliyokuwa yakichunguzwa yalikuwa yetu, na damu iliyopimwa ilikuwa yetu, lakini swali lilibaki mikononi mwa wengine kwa miaka mingi.

Sasa hali ni nyingine. Daktari wa Makerere anayesomea shahada ya uzamili ya tiba hukaa miaka mitatu, na hapewi cheti mpaka afanye utafiti wake mwenyewe: aandike swali, aonyeshe atawapata wagonjwa wangapi na kwa nini idadi hiyo, apate kibali cha kamati ya maadili, amweleze kila mgonjwa kwa lugha anayoielewa na kumwachia uhuru wa kukataa, ahesabu, kisha asimame mbele ya walimu wake wamhoji. Wenzangu wanaodhani siku ya joho ndiyo mwisho wa kusoma wayajue hayo mapema.

Manson alipewa cheo cha Sir mwaka 1903, na mwaka 1907 akawa rais wa kwanza wa Chama cha Tiba ya Nchi za Joto. Ugonjwa wa jongo ulimtesa uzeeni, akaacha kazi ya Ofisi ya Makoloni mwaka 1912. Alikufa London tarehe 9 Aprili 1922, akazikwa Aberdeen. Kitabu chake cha magonjwa ya nchi za joto, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1898, kilichukuliwa na mkwewe Philip Manson-Bahr, kisha na wengine, na chapa ya ishirini na nne ilitoka mwaka 2023. Shule yenyewe ilihama gatini, ikaungana na masomo ya afya ya jamii, na mwaka 1929 ikafungua jengo lake kubwa katikati ya London.

Mwaka 2018 kituo cha utafiti wa tiba kilichoko Entebbe, ndani ya uwanja wa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, kilifanywa kuwa sehemu ya chuo hicho cha London. Ni mji ule ule walikofikia Low na Castellani mwaka 1902, ila siku hizi wanaokaa kwenye hadubini na kuandika maswali wengi ni Waganda. Ikiwa miongoni mwa wanafunzi wetu wa zamani yuko anayefanya kazi hapo, mhariri wa gazeti hili angefurahi sana kupata barua yake, nasi wa darasa la mwisho tungeisoma kabla ya wengine.